Mali Bila Daftari: Kampuni Ndogo na Ulinzi wa Mtandao Wake

Kuna jibu ambalo mteja wa siku hizi hukutana nalo kila mara: kwa wakala wa benki, dukani penye mashine ya stakabadhi za kodi, EFD, kwenye ghala la chama cha ushirika, kwenye dirisha la malipo la kampuni. Anaambiwa mtandao unasumbua, asubiri kidogo au arudi kesho. Kwa mtu aliyetoka kijijini Kwedizinga asubuhi kwa bodaboda kufuata huduma Handeni mjini au Korogwe, kurudi kesho ni nauli nyingine, na ni siku nyingine ya shamba iliyopotea. Tena hana namna ya kujua kama aliloambiwa ni kweli. Lakini jioni ya leo nataka tuvuke upande wa pili wa dirisha, tumuulize karani aliyetoa jibu lile, na meneja wake, na mwenye kampuni: mnajua ni kitu gani hasa kinachosumbua? Ni kompyuta hii, ni waya unaotoka hapa kwenda kwenye swichi, ni ruta, ni antena iliyo juu ya paa, ni mtoa huduma, au ni mkongo uliolazwa chini ya bahari? Na kama hamjui, mtamwita nani, na mtamwambia nini?

Hoja yangu ni hii. Kampuni yoyote inayoendesha kazi zake kwa mtandao, hata iwe ndogo, hata iwe mbali na mji, inapaswa kuwa na kumbukumbu yake yenyewe, iliyoandikwa, ya hali ya vifaa vyake vya mtandao usiku na mchana. Na njia nyepesi ya kuipata kumbukumbu hiyo, isiyo na gharama kubwa, ni zile amri za kuandika ambazo tayari zimo ndani ya karibu kila kompyuta. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kampuni zetu nyingi zina daftari la mafuta ya gari, la magunia yaliyoingia ghalani na la vibarua waliofika kazini. Mtandao, unaolipiwa kila mwezi na unaobeba hesabu zote hizo, hauna hata ukurasa mmoja. Chukueni mfano wa kampuni ya mkonge katika ukanda wetu huu wa Handeni na Korogwe. Kampuni ya namna hiyo haikai chini ya paa moja. Kuna ofisi kuu, kuna kiwanda chenye korona ya kuchakata majani, kuna ghala la singa, kuna mizani, na pengine kuna ofisi ndogo upande wa pili wa wilaya. Uzito uliopimwa, malipo ya vibarua, stakabadhi za kodi na barua za wanunuzi, vyote hupita kwenye vifaa vidogo vilivyotundikwa ukutani, ambavyo hakuna anayevikumbuka mpaka siku vinapokufa. Watu wa hapa wanalifahamu bomba kuu la maji la HTM, lililojengwa miaka ya 1970 kuvuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe hadi Handeni. Maji yakikatika, kugombana na mwenye koki hakusaidii; ni lazima mtu alifuate bomba kipande kwa kipande mpaka afike mahali maji yanapoishia. Mtandao nao hutafutwa ubovu wake vivyo hivyo, na zipo zana za kuufuata bila kuinuka kitini.

Sasa tuziangalie zana zenyewe. Kila kompyuta, iwe ya Windows au ya Linux, ina dirisha lisilo na picha wala vitufe vya kubofya, ambamo mtu huandika neno, akaingiza, na kompyuta ikamjibu kwa maandishi. Huo ndio mstari wa amri. Amri ya kwanza ya kujifunza ni ping. Iliandikwa Desemba 1983 na Mmarekani Mike Muuss, aliyekuwa katika maabara ya utafiti ya jeshi la nchi kavu la Marekani, na mwenyewe alieleza kwamba aliiandika kwa jioni moja, alipokuwa akihangaika na mtandao uliokuwa na tabia asiyoielewa. Kazi yake ni moja tu: hutuma ujumbe mdogo kwa kifaa fulani, kifaa huurudisha ujumbe uleule, na kompyuta hupima muda uliopita kati ya kuuliza na kujibiwa. Ukiandika ping, ukaacha nafasi, kisha ukaandika anwani ya ruta ya ofisi, ambayo mara nyingi huwa 192.168.1.1, utaona mstari mmoja kwa kila jibu. Kwenye Linux mstari huo una mambo makubwa manne: ukubwa wa jibu, ambao kwa kawaida ni baiti 64, anwani ya kifaa kilichojibu, namba ya mfuatano, ili ujue kama kuna jibu lililopotea njiani, na muda, kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde. Ukiisimamisha, inakupa muhtasari: zimetumwa kumi, zimerudi kumi, zilizopotea asilimia sifuri. Mtu anayejua kusoma namba anaweza kuusoma mstari huo siku ya kwanza.

Mtu anaweza kuziona namba hizo ni ndogo mno kuwa na maana. Zina maana kubwa, kwa sababu nyuma yake kuna sheria ya maumbile isiyobembelezwa na yeyote. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Barabara ya Korogwe hadi Handeni ina urefu wa kilomita zipatazo 65. Kwa mwendo huo, kwenda na kurudi hakumalizi hata milisekunde moja. Basi ikiwa kampuni ina ofisi Korogwe na nyingine Handeni, na ping kati yao inasoma milisekunde 70, umbali hauwezi kuwa ndiyo sababu. Ama ujumbe unazungushwa mbali kabla ya kurudi jirani, ama unasubiri foleni kwenye kifaa kilichoelemewa, ama mawasiliano ya hewani kati ya antena na mnara yana shida. Huenda hiyo 70 ni ya kawaida kwa aina ya huduma waliyonunua, na haina ubaya. Lakini kama wiki nzima ilikuwa 70 na leo ni 400, kuna kitu kimebadilika, na saa kilipobadilika inaweza kutafutwa. Namba hizi hizi zimeiandika hata historia ya kanda yetu. Kabla ya Julai 2009 mawasiliano ya intaneti kutoka Afrika Mashariki kwenda nje yalitegemea setilaiti kwa sehemu kubwa, na setilaiti za aina hiyo zipo angani umbali wa karibu kilomita 36,000. Swali hupanda na kushuka, jibu hupanda na kushuka, na safari hizo nne humaliza karibu nusu sekunde hata kama kila kifaa njiani hakichelewi. Mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi mwezi huo, na ule wa EASSy ulipofuata 2010, muda huo ulishuka kwa zaidi ya nusu. Aliyekuwa na ping aliweza kuyaona mabadiliko hayo kwa macho yake, bila kusubiri tangazo la mtu yeyote.

Ndugu ya ping ni traceroute, iliyoandikwa na Van Jacobson 1987, ambayo kwenye Windows huandikwa tracert. Hii huorodhesha ruta zilizo njiani, moja baada ya nyingine, pamoja na muda wa kila moja, mpaka mwisho wa safari au mpaka mahali safari inapokatikia. Thamani yake tuipime kwa jambo lililotokea kweli. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa wakati mmoja baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora au kuzimika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine kadhaa. Siku kama ile, ofisi iliyo Handeni isiyo na zana yoyote itazima ruta na kuiwasha mara kumi, itamwita fundi kutoka mjini kwa gharama, itanunua bando la laini nyingine, na jioni bado haitajua kilichotokea. Ofisi yenye mtu anayejua traceroute itaona jambo jingine: ruta yetu inajibu, antena inajibu, lango la mtoa huduma linajibu, vifaa vya Dar es Salaam vinajibu, na baada ya hapo ni kimya. Kwa dakika moja wamejua kwamba ubovu si wao, na si kazi ya fundi wao. Wanaahirisha mambo yanayohitaji kuvuka bahari, na wanajaribu yale ya ndani ya nchi, kwa kuwa watoa huduma wa Tanzania wamekuwa na kituo chao cha kubadilishana mawasiliano, TIX, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mawasiliano yanayopita hapo hayana haja ya kwenda ng'ambo. Kinyume chake pia ni kweli, na hutokea mara nyingi zaidi. Kama kimya kinaanzia kwenye swichi ya ghalani, mtoa huduma anasingiziwa, na simu ya malalamiko inayopigwa kwake ni muda uliotupwa.

Hata hivyo, kuuliza mara moja siku ya matatizo hakutoshi. Daftari hujazwa kila siku. Kompyuta kuukuu iliyostaafishwa, au kifaa kidogo cha Raspberry Pi, inaweza kuamriwa kuviuliza vifaa vyote kila baada ya dakika tano na kuandika jibu, tarehe na saa kwenye faili la maandishi. Hiyo ni mara 288 kwa siku, na mara 105,120 kwa mwaka. Wanaohofia bando litaisha, tufanye hesabu. Ujumbe mmoja wa ping pamoja na bahasha yake ni baiti 84 kwenda na 84 kurudi. Ukiuliza kila dakika badala ya kila dakika tano, kifaa kimoja kwa siku nzima hutumia chini ya robo ya megabaiti. Vifaa vitano vilivyo ng'ambo ya mnara, kwa mwezi mzima, ni takriban megabaiti 36. Vile vilivyo ndani ya jengo havigusi bando kabisa. Kwa gharama hiyo kampuni inapata kitu ambacho mazungumzo ya ofisini hayawezi kukitoa, nacho ni mpangilio wa matukio. Tuseme swichi ya ghalani hunyamaza kila siku saa kumi na mbili jioni na kuamka saa moja asubuhi. Hakuna waya mbovu hapo. Kuna mtu anayezima umeme anapofunga ghala. Tuseme ruta ya ofisini hupotea kwa dakika mbili kila umeme unapokatika. Dawa yake ni betri ya akiba, na kununua ruta mpya ni kupoteza fedha. Tuseme antena hupoteza majibu kumi katika kila mia moja, na hali hiyo ilianza wiki ileile paa lilipotengenezwa. Hapo fundi anajua ngazi aiegemeze wapi kabla hajapanda pikipiki.

Na daftari hilo lina kazi nyingine ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote: linaipa kampuni ndogo sauti. Mikataba ya intaneti huwa na ahadi ya upatikanaji wa huduma, na asilimia 99 husikika kama ahadi nzuri sana. Lakini asilimia moja ya mwaka ni saa 87 na dakika 36, zaidi ya siku tatu na nusu. Nani anazihesabu saa hizo? Mtoa huduma ana kumbukumbu zake. Mteja asiye na kumbukumbu huja na malalamiko tu: mtandao ulisumbua sana mwezi uliopita. Ataulizwa tarehe ngapi, saa ngapi, kwa muda gani, na atanyamaza. Mwenye daftari ataweka mezani orodha ya siku na saa, na itaonyesha pia kwamba muda huo huo ruta yake ilikuwa hai, umeme ulikuwapo, na safari ilikatikia kwenye lango la mtoa huduma. Nchi yetu ina kanuni za ubora wa huduma za mawasiliano za mwaka 2018, ina mamlaka ya mawasiliano, TCRA, inayopokea malalamiko, na ina baraza la watumiaji la TCRA-CCC. Vyombo hivyo vimewekwa kwa ajili ya mteja, lakini lalamiko lenye tarehe na saa huwa na uzito ambao manung'uniko hayana. Haki ya mtumiaji aliye mbali na Dar es Salaam huanza na uwezo wake wa kuonyesha kilichompata.

Najua kuna watakaonipinga, na hoja zao zinastahili kusikilizwa. Wa kwanza watasema: zama za kuandika amri zimepita, leo kuna mifumo mizuri yenye picha na michoro, kifaa kizima kina rangi ya kijani na kilichokufa kina rangi nyekundu, kwa nini tuwarudishe vijana nyuma? Nakubali kwamba mifumo hiyo ni mizuri. Nagios, Zabbix na LibreNMS hupatikana bila kulipia leseni, na kampuni yenye vifaa mia mbili ingekosea kuiacha. Lakini ndani yake hufanya nini? Hutuma ping zilezile, na huviuliza vifaa kwa itifaki ya SNMP, iliyotolewa 1988, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia kwa amri moja ya kuandika ili aambiwe kifaa kimewaka kwa muda gani, kimepitisha data kiasi gani, na kila tundu la waya lina makosa mangapi. Michoro ni sura ya majibu hayo. Asiyeyajua majibu ataona rangi nyekundu na atabaki pale pale alipokuwa karani wetu wa mwanzo. Zaidi ya hayo, mifumo hiyo inataka seva inayowaka muda wote na mtu wa kuitunza, na ukurasa wake wenye picha hukwama kufunguka saa ileile laini inapokuwa dhaifu, ambayo ndiyo saa unayouhitaji. Maandishi matupu hupenya hata kwenye laini inayochechemea. Hata wahandisi wa mitandao wa Afrika, katika mafunzo ya AfNOG yaliyoanza mwaka 2000 na kufanyika Dar es Salaam 2011, wamejifunza kuongea na mashine kwa amri.

Wa pili watasema jambo zito zaidi: amri ni hatari. Mtu akikosea herufi, kampuni nzima inazimika. Hoja hii ina ushahidi. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka duniani kote kwa muda wa saa sita hivi, na kampuni yenyewe ikaeleza kwamba chanzo kilikuwa amri iliyotolewa wakati wa matengenezo, iliyokata uti wa mgongo wa mtandao wake wote. Programu iliyopaswa kuizuia amri hiyo ilikuwa na kasoro. Ubaya ukazidi kwa kuwa zana za ndani za kutafutia tatizo zilitegemea mtandao uleule uliokufa. Silikatai funzo hilo, nalichukua lote. Kwanza linatufundisha kutenganisha amri za kuuliza na amri za kubadilisha. Ping na traceroute huuliza tu. SNMP inaweza kufungwa iwe ya kusoma tu. Anayejaza daftari hahitaji ruhusa ya kubadilisha kitu chochote, na asipewe. Pili linatufundisha kwamba anayechunguza asiwe na mlango mmoja: lazima kuwe na mtu anayeweza kuchomeka waya kwenye kifaa moja kwa moja, na orodha ya anwani iliyochapwa kwenye karatasi. Tatu, milango ya kuingilia vifaa ifungwe sawasawa. Njia ya zamani ya telnet hupitisha nywila wazi kabisa, na ni baada ya nywila kuibwa kwenye mtandao wa chuo chake huko Finland ndipo Tatu Ylönen alipoandika SSH mwaka 1995, inayoyaficha mazungumzo yote. Vivyo hivyo SNMP za awali hulindwa na neno moja, ambalo vifaa vingi hutoka nalo kiwandani likiwa "public"; neno hilo libadilishwe siku ya kwanza, au litumike toleo la tatu lenye ulinzi wa kweli.

Hapo kuna mpaka wa kisheria pia, na sitaki kuuruka. Kuna amri, kama nmap, zinazoweza kupekua mtandao mzima na kuorodhesha kila kilichomo. Kuitumia kwenye vifaa vya kampuni yako, kwa idhini ya mwenye kampuni, ni ukaguzi. Kuielekeza kwenye mtandao wa jirani, wa benki au wa halmashauri ni kujitafutia kesi, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mifumo ya watu bila ruhusa. Na wafanyakazi wanaohofia kwamba mwajiri sasa atawapeleleza wana haki ya kuuliza. Jibu ni kwamba kuchunguza kifaa ni kujua kama swichi iko hai na imeelemewa kiasi gani. Kusoma wanachoandikiana watu ni jambo jingine kabisa, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika mwaka 2023, taarifa za watu zina mlinzi wake kisheria. Mwajiri mwaminifu atawaeleza watu wake wazi: tunapima vifaa, hatuwapimi ninyi.

Wa tatu watasema: haya ni ya wataalamu, tena kwa Kiingereza, sisi kijijini tutampata wapi mtu huyo, na tukimfundisha si atakimbilia mjini? Hoja hii naisikiliza kwa uchungu, kwa sababu ndiyo inayotufanya tuendelee kununua utaalamu kila siku na kubaki bila utaalamu. Amri zinazotosha kuanzia hazifiki kumi. Majibu yake kwa sehemu kubwa ni namba. Karani anayejaza leja ya mizani, asiyekosea tarakimu za uzito kutwa nzima, ana umakini wote unaohitajika kusoma faili la ping. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha kwa siku chache, na maelezo ya Kiswahili yaliyobandikwa ukutani: hii ni anwani ya ruta, hii ni ya antena, huu ndio muda wa kawaida, ukiona umezidi hapa mwite fulani. Vyuo vyetu vya ufundi na vyuo vya maendeleo ya wananchi vinaweza kulifundisha hilo kwa kompyuta kuukuu, bila intaneti yoyote, kwa kuunganisha mashine tatu na swichi moja darasani. Na kijana akiondoka, daftari halimfuati. Faili la maandishi la mwaka jana litasomeka na atakayekuja baada yake, kwenye mashine yoyote, bila leseni na bila nywila ya kampuni ya nje.

Lazima pia niseme zana hizi haziwezi nini, ili mtu asije akaziamini kupita kiasi. Kifaa kujibu ping si uthibitisho kwamba huduma inafanya kazi. Seva ya malipo inaweza kujibu vizuri huku programu ya malipo iliyomo imekwama. Ruta inaweza kuwa nzima huku mfumo wa kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani umekufa, na kila ukurasa ukakataa kufunguka. Aidha baadhi ya vifaa vimewekwa visijibu ping kwa sababu za kiusalama, na kimya chao si kifo. Kwa hiyo daftari zuri huuliza maswali matatu: kifaa kipo, jina linapatikana, na huduma yenyewe inajibu. La pili lina amri ya nslookup, la tatu lina amri ya curl, na zote mbili hukaa katika dirisha lilelile. Majibu matatu yaliyoandikwa pamoja, kwa saa ileile, ndiyo yanayomwezesha mtu kusema bila kubahatisha ubovu uko wapi.

Basi, wasikilizaji, mwenye kampuni anayenisikiliza jioni hii aanze na mambo yasiyozidi uwezo wake. Wiki hii aandike orodha ya kila kifaa cha mtandao alichonacho: kilipo, anwani yake, na nani mwenye nywila yake. Ateue mtu mmoja, ampe muda unaotambulika kuwa ni kazi, asimwambie afanye akipata nafasi. Mtu huyo apime siku za kawaida kwanza, wiki mbili tatu, kwa sababu asiyejua uzima hawezi kuutambua ugonjwa. Kila mwezi karatasi moja ya muhtasari ifike mezani kwa meneja pamoja na ankara ya intaneti, na ankara isilipwe mpaka karatasi hiyo imesomwa. Na mkataba mpya utakapoletwa kusainiwa, kampuni idai kiandikwe wazi kiwango cha huduma, namna kitakavyopimwa, na fidia itakayotolewa kikikosekana, huku ikijua kwamba safari hii itakuwa na vipimo vyake. Tukifika hapo, karani wa Handeni au Korogwe atakapomwambia mteja asubiri, ataweza pia kumwambia ubovu uko wapi, nani anaushughulikia, na saa ngapi arudi, na mteja wa Kwedizinga ataamua mwenyewe kama asubiri au apande bodaboda arudi shambani. Hiyo ni heshima anayostahili, na kampuni zetu zina uwezo wa kumpa.